Nani Atamjibu Mzee

Milimani, Kisumu
9 Februari 2025

Wandera,

Barua hii nimempa dereva wa gari la Port Victoria, pamoja na unga wa dengu wa mama yako. Nimemwambia ule unga nimeupima, ukipungua nitajua. Usishangae kwamba naandika kwa mkono kama mwanafunzi. Simu yangu imeharibika.

Sisi tuko. Harleen alipiga kutoka Kanada, wajukuu zetu wana homa, mambo ya baridi. Huku sisi tunachomwa na jua, hata upepo wa ziwani siku hizi unachelewa. Mzee ni mzima, ni macho tu yanamsumbua kidogo. Shida ni lile gari, ile Pijo. AC inatupulizia hewa ya moto usoni. Nilileta fundi hapa nyumbani, akainua boneti akasema paipu mbili za AC zimekufa, mpira umeingia nyufa, gesi yote imevuja. Alipotoa spana tu, Mzee akatoka na fimbo. Fundi alikimbia akaacha kofia. Bado iko hapa kwenye msumari.

Sasa Mzee amesema atabadilisha hizo paipu mwenyewe, hapa uani. Wandera, sitaki. Ana miaka sabini na tisa. Kuhusu hilo gari anakusikiliza wewe peke yako, kwa hivyo mwandikie umkataze. Mwambie paipu za Pijo ya zamani hazipatikani tena, hata Nairobi. Mdanganye vizuri.

Uani kumekuwa kimya tangu uende. Miaka yote nikikaanga vitunguu nilikuwa nawasikia nje, Mzee anaita, “Gesi?” nawe unajibu, “Imetoka, Mzee.” Kama watu wa kwaya. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Mama yako anaendeleaje na ile miguu?

Ni mimi,
Jasvir Kaur

*

Port Victoria
14 Februari 2025

Kwako Mama,

Unga umefika, haukupungua. Mama yangu anakushukuru, lakini miguu bado imevimba na usiku hapumui vizuri, kwa hivyo siwezi kutoka hapa nyumbani hata kwenda Busia kulala. Ndiyo hali.

Mama, nimesoma barua yako mara mbili na nimeshindwa kufanya ulivyosema. Mimi nitamdanganya Mzee na mdomo upi? Nilipokuja kwenu sikujua hata spana inageuziwa wapi. Akiniuliza paipu, nitamjibu mambo ya paipu.

Naomba unisamehe kwa haya nitakayosema. Mzee amezuiwa vitu vingi mno. Alizuiwa kuendesha, akazuiwa kupanda ngazi, sasa na boneti? Mtu kama yule ukimkalisha kitini anaisha. Macho yakipungua, mikono yake bado inaona. Yale macho ya chuma ya kufungia ncha za paipu za zamani ninayo hapa kwenye sanduku langu. Kuna fundi Busia ambaye huyabana kwenye mpira mpya, mpira wenyewe wa AC, si ule wa jiko. Nitamtuma mtu, zikiwa tayari nizitume kwenu kwa gari. Kwa kawaida gesi hunyonywa kwanza kwa mashine, lakini umesema imevuja yote, basi hakuna neno.

Na usiogope. Mzee ana sheria moja ambayo hajawahi kuivunja. Hafungui nati ya paipu mpaka aite na ajibiwe. Hata akiwa na hasira, hata mvua ikinyesha, asipojibiwa anasimama pale pale na spana mkononi. Kwa hivyo mwache afanye kazi yake.

Mtumishi wako,
Wandera

*

Kisumu
20 Februari 2025

Wandera,

Umenikasirisha. Nimekuomba kitu kimoja, wewe unanifundisha kuishi na mume wangu. Hizo paipu usilete. Nasema tena, usilete.

Hujui mambo ya huku. Wiki iliyopita tulikuwa tunaenda Eldoret kwa daktari. Nilitafuta kijana mwingine, Mzee akiwa amelala, akatujazia gesi mpya ili AC ifanye kazi angalau safari hiyo moja. Ilitupa baridi mpaka Mamboleo kisha ikachoka. Mzee akaanza kutoka jasho na kuuliza, “Tumefika? Tumefika?” Kila akiuliza namwambia ndiyo, tumefika, ili atulie, maana daktari amesema asikasirishwe, nisimbishie neno lolote. Pale Kiboswa akafungua mlango. Gari likiwa linatembea, Wandera. Nilimshika kwa kilemba. Nyuma yetu kulikuwa na lori la mchanga, na mpaka leo nikifumba macho naliona.

Ni joto tu lilimzidi. Lakini tarehe nyingine ya daktari ni mwanzo wa Aprili, na sijui nitamfikishaje. Nimemwita fundi wa tatu aje Mzee akiwa kwenye sala, amekataa, amesikia habari za fimbo.

Tafadhali, fanya ninavyosema mara moja hii.

Jasvir

*

Port Victoria
21 Februari 2025

Kwako Mzee Gurbachan Singh,

Shikamoo Mzee. Nakuletea paipu mbili za AC ya Pijo, ile nene na ile nyembamba, fundi wa Busia amezibana, na oringi mpya, zile pete za mpira, kwenye karatasi. Nimezipuliza na kuzizamisha ndani ya maji, hazitoi hata povu. Oringi zipake mafuta kidogo kama ulivyonifundisha. Nati usizikaze kwa hasira.

Natamani ningekuwepo kukujibu. Mama yangu anaumwa, akipata nafuu nitakuja kukuona. Hii kazi wewe unaiweza.

Kijana wako,
Wandera

*

Kisumu
2 Machi 1998

Wandera,

Paipu nimepokea. Kazi safi. Huyo fundi wa Busia amebana vizuri, lakini mwambie chuma cha pili amekipinda kidogo, mimi nimeona.

Kesho uje mapema. Usipitie kwa yule mama wa mandazi, nakujua. Kwanza umpeleke Harleen shule, ana mtihani wa darasa la saba na amelia usiku kucha kwa sababu ya hesabu. Ukirudi tufungue gari kabla jua halijapanda. Jasvir ananiambia umeenda dukani. Duka gani hilo la siku nzima? Kila nikiuliza, umeenda dukani. Nitakukata mshahara, utaona.

Ukichelewa sitakungoja. Nimepata mtu wa kujibu. Jana tumejaribu na Jasvir. Nikaita, “Gesi?” akajibu palepale kutoka jikoni, “Imetoka, Mzee.” Anajibu upesi kuliko wewe. Wewe siku hizi unakawia sana.

Kesho uje mapema.

G. Singh

*

Port Victoria, hospitali
6 Machi 2025

Mama,

Naandika hapa nje ya wodi, magotini, hati yangu utaivumilia. Mama yangu alizidiwa Jumatatu tukamleta hapa, nami niko peke yangu. Barua yako ya tarehe ishirini na ya Mzee zimenifikia leo alfajiri pamoja, dereva alikuwa amezikalia. Paipu nilikwisha kuzituma kabla sijasoma neno lako.

Mama, tarehe ya barua ya Mzee nimeiona. Mtihani wa Harleen nimeusoma. Kwa nini hukuniambia? Ungeniandikia tu kwamba Mzee amepotea njia kichwani, ningezitupa zile paipu ziwani.

Sasa sikiliza. Hiyo gesi mliyojaziwa wiki ya Eldoret haikuisha yote. Paipu inavuja polepole, iliyobaki bado iko ndani na ina nguvu. Nati ikifunguliwa itaruka usoni. Ni baridi kali, inaunguza kama moto, jicho inalipofusha. Na Mzee anasema wewe ndiye unayemjibu. Unamjibu kwa kuangalia nini? Ile geji ya rangi mbili ya kupimia gesi umeiunganisha? Umeiona sindano iko kwenye sifuri? Ukijibu “Imetoka” yeye hataangalia, atafungua. Yeye huamini jibu kuliko macho yake, ndivyo tulivyofanya kazi.

Nimepiga simu tangu hapo. Haijaharibika, Mama, inaita vizuri, na anayeipokea ni Mzee. Ananiuliza niko duka gani. Nimemwambia asifungue nati, akasema, “Sawa, sawa,” akakata. Mara ya mwisho akaniuliza mimi ni nani. Namba ya jirani yenu hata mmoja sina.

Ficha spana zote. Ficha hata koleo. Asipoipata spana atasahau. Huyu dereva nimemuapisha akupe barua mkononi.

Wandera

*

Kisumu
7 Machi 2025

Wandera,

Kama kuna barua yako njiani, haijafika. Nimekuandikia kabla ya Harleen, kwa sababu sijui nianzie wapi kumwambia yule.

Ilikuwa jana saa nne asubuhi. Mzee alikuwa na siku nzuri. Amevaa ovaroli yake, amejipangia spana juu ya gunia kubwa kwa ndogo, anaimba. Tangu mwaka jana sijamsikia akiimba. Nikasema moyoni, labda Wandera alisema kweli, acha afanye. Nikaweka sufuria ya dengu jikoni.

Akaita, “Gesi?”

Wandera, mimi nilidhani ni wimbo wenu. Miaka yote hiyo nilidhani ni vile watu wa kazi huitana, kama wale wanaosukuma mkokoteni. Uliniandikia asipojibiwa anasimama tu pale. Nilimwonea huruma kusimama kwenye jua. Na daktari alisema nisimbishie, nikubali, nikubali kila kitu. Basi nikajibu kwa sauti yako, hata nikaiga kile kikohozi chako, “Imetoka, Mzee.”

Nilisikia mlio kama sufuria ya presha inapofunguka, halafu yeye. Nilipotoka kulikuwa na ukungu mweupe juu ya injini, na Mzee ameketi chini ameshika mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vyeupe kabisa, vigumu, kama nyama iliyotoka friji. Miwani ndiyo iliokoa macho, ile miwani anayoichukia. Nilikuwa nimemvalisha kwa nguvu asubuhi tukagombana.

Hospitalini wakamwuliza nini kimetokea. Akasema, “Wandera alinijibu vibaya.” Nilisimama pale mbele ya daktari na sikusema ni mimi.

Sasa nikwambie yote, nimechoka. Simu ni nzima. Anaishika mchana kutwa, akisikia jina lako anataka kuvaa viatu aende kukutafuta, ndiyo maana naandika. Macho yake hayana ugonjwa. Ni kichwa, Wandera. Imeanza muda, kabla wewe hujaondoka. Uliona akiweka chumvi kwenye chai ukacheka ukidhani ni mzaha, nami nikacheka pamoja nawe ili usijue. Mwanamume aliyekuwa anasikia ugonjwa wa injini kutoka chumbani, sasa haoni mlango wa choo. Sikutaka ajulikane hivyo. Kwako hasa sikutaka.

Vidole vitatu, wanasema tungojee. Cha shahada wana wasiwasi nacho. Mungu wetu Waheguru anajua.

Jasvir

*

Port Victoria
11 Machi 2025

Mama yangu,

Yako imefika. Yangu naona ilifika ikiwa haina kazi tena.

Siku mbili nilikuwa na hasira sijui nimpe nani. Kwanza nilikukasirikia wewe. Halafu nikakumbuka ni mimi niliyekuandikia usiogope, mwache afanye kazi. Ningekaa nikauliza swali moja tu, kwa nini mke wake anaogopa hivyo, ningejua. Lakini nilikuona kama mama wa kuamrisha tu. Nimelia, Mama, na mimi si mtu wa kulia.

Kuna jambo hukulisikia kule jikoni. Mzee akiita “Gesi?” mara nyingi jibu langu lilikuwa “Bado.” Hilo halikufika kwako kwa sababu nililisema chini, nikiwa nimeinamia geji. Nikisema bado, anaweka spana chini, tunakaa kwenye kivuli cha ukuta, tunanywa chai ya kwako. Nikiona sindano imelala ndipo napaza sauti. Yeye anayeshika spana haangalii geji, na anayeangalia geji hashiki spana. Alisema mtu mwenye haraka akiachiwa vyote viwili atajidanganya. Nilikuwa kijana, nimetoka Samia sina hata viatu, na bado nikisema bado, Mzee mzima anaweka spana chini. Hajawahi kunikasirikia kwa neno hilo hata siku moja.

Kwa hivyo usijiue kwa mawazo. Hukujua. Sisi wawili tulifanya mambo yetu nje bila kukueleza.

Mama mzazi anapumua vizuri, dada yangu Nabwire amekuja kumwuguza. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili nitakuwa kwenu. Gari usiliguse, na paipu mpya uziache zimezibwa midomo zisiingie vumbi. Nitakuja na mtu wa mashine anyonye gesi yoyote iliyobaki. Lakini geji, Mama, utaishika wewe. Mimi kazi ikiisha nitarudi huku, nawe utabaki naye.

Na Mzee asifungiwe ndani siku hiyo. Mwekee kiti uani.

Wandera

*

Kisumu
2 Aprili 2025

Wandera,

Nimempa dereva achari ya ndimu, chupa mbili. Moja ni yake, nimechoka kumtisha.

Kidole cha shahada kimebaki, lakini hakikunjiki. Sasa akiagiza chai ananielekezea kidole kama mwalimu mkuu. Harleen nimemwambia kila kitu. Akasema anakuja Julai. Daktari wa hospitali nilimrudia pia, nikamwambia aliyejibu vibaya si Wandera, ni mimi. Alikuwa na wagonjwa wengi, akamwita anayefuata.

Nataka kukwambia kitu cha ile Jumamosi, kwa sababu wewe ulikuwa umelala chini ya gari hukuona uso wangu. Mzee yuko kwenye kiti, mkono umefungwa, na mashine ya yule kijana inanguruma. Akaita, “Gesi?” Nilikuwa nimeinamia geji, sindano iko juu kidogo ya sifuri, kidogo sana, unene wa kucha. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema imetoka. Nimemwambia ndiyo mtu huyu tangu aanze kupotea, ndiyo kwa kila kitu, ndiyo ni Jumapili, ndiyo Mzee, mama yako anakuja kesho, ndiyo Wandera yuko dukani. Niliogopa akikataliwa mbele yako atapiga kelele au atalia. Nikaiangalia sindano tena.

Nikasema, “Bado.”

Ukaweka spana chini, nakumbuka. Mzee naye akanigeukia. Nikangoja fimbo. Akasema, “Basi lete chai.” Alikaa akanywa ametulia, ameegemeza mgongo, na nilimtambua. Ni yeye kabisa, Wandera. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu, ingawa hukuniuliza.

Jana tulienda Eldoret. Kabla ya kutoka aliniuliza uko wapi. Nilimwambia umerudi kwenu Port Victoria, umestaafu, ulikuja juzi mkabadilisha paipu pamoja. Alihuzunika, akasema hukumuaga. Nikamwambia ulimuaga, akakupa saa yake. Akafikiri, akasema, “Hiyo saa hukawia, ndiyo maana anachelewa.” Aliniuliza tena Mamboleo, nikamwambia tena.

Paipu zako zinafanya kazi. Baridi ilikuwa mpaka nikamfunika miguu kwa shali. Lakini pale Kiboswa, mahali pale pale, nikasikia mkanda wake unafunguka. Nilikuwa nimeshika usukani na mikono yote miwili, na nyuma kulikuwa na lori tena. Mkono wake wenye bendeji ulikuwa juu ya kitasa cha mlango.

“Tumefika?” akauliza.

“Bado,” nikamwambia.

Akautoa mkono kwenye kitasa, akauweka juu ya shali, akakaa akingoja.

Msalimie mama yako.

Jasvir